Stima ya Kumtosha Mama Fartun

Pale kijijini Nuu, sola ikileta matata, swali la kwanza huwa, "Kasyoka yuko wapi?" Kasyoka Muthama alisomea ufundi wa stima mjini Kitui, akarudi nyumbani wakati wenzake walipokuwa wakielekea Nairobi. Amepanda mapaa mengi ya mabati kuliko mwanamume yeyote wa hapo, na hilo hulisema mwenyewe bila haya.

Mwaka jana Qamar, mwenye duka la nguo karibu na soko la mbuzi, alimpigia simu. Mama yake, Fartun, alikuwa mgonjwa wa mapafu. Hospitali ilikubali arudi nyumbani, mradi kila usiku alale na mashine ya oksijeni. Nyumba yao ilitegemea sola peke yake.

"Fundi, niambie ukweli," Qamar akasema. "Betri zitafika asubuhi, ama mama abaki wodini?"

Kasyoka angeweza kusoma kibandiko cha mashine na kubahatisha, lakini hii ilikuwa pumzi ya mtu. Alikuja na mita yake ndogo, akaichomeka ukutani, akaunganisha mashine iliyokwisha kuletwa, akakaa mkekani kuitazama. Kibandiko kilisema wati mia tatu hamsini. Mita ikatulia kwenye mia tatu. Akazidisha kwa saa kumi na mbili za usiku kucha, zikawa wati-saa elfu tatu mia sita. Betri, ukitoa kinachopotea njiani na akiba isiyofaa kuguswa, zingeweza kutoa elfu nne mia tano.

"Basi inatosha!" akadakia Bulle, kaka yake Qamar.

"Ngoja kwanza. Na hivi vitu vingine vyenu?"

Friji ilimchukua alasiri nzima, maana mota yake huwaka kidogo ikapumzika, na ukiikadiria kama inayowaka mfululizo utadanganyika. Usiku kucha ingekula karibu mia tano. TV ya Bulle, kwa jinsi anavyopenda mpira, mia tano nyingine. Taa, mia moja hamsini. Vyote pamoja havikuingia kwenye zile mia tisa zilizobaki.

"Chagueni," Kasyoka akasema. "Friji izimwe jioni, mweke chupa za barafu ndani, maziwa hayataharibika. Ama muzime TV."

Bulle hakufikiri mara mbili. "Zima zote. Mama kwanza."

Kasyoka akawaambia waombe pia mtungi wa oksijeni wa akiba hospitalini, na siku ya mawingu wasiunganishe kitu kingine chochote mchana, betri zijae kabla ya jua kuzama. Fartun akaletwa nyumbani.

Kesho yake Kasyoka alifika kabla ya chai. Kwa haraka aliyokuwa nayo, akasahau kubisha hodi. Fartun alikuwa ameketi kitandani baada ya kulala vizuri usiku, anamgombeza Bulle kwa kusahau sukari ya chai. Kasyoka akaenda moja kwa moja kwenye betri. Akiba ilikuwa imebaki, karibu sawasawa na alivyokadiria. Akacheka peke yake, kwa sauti.

"Binti yangu," Fartun akamwita, akamshika mkono, "nani alikufundisha kupima hivi?"

"Walimu wangu walinionyesha njia, mama. Mengine nimeyatafuta mwenyewe."

"Basi utembee ukijua wewe ni nani."

Kasyoka alipoaga, Fartun alikataa kabisa kubaki kitandani. Akainuka polepole, akamkataza Qamar kumshika, akamsindikiza fundi wake hadi langoni, majirani wakiona.