Kamba ya Njano na Benchi la Elva Pohlner

Kwa miaka thelathini na miwili Elva Pohlner alishona viti vya magari katika kiwanda kimoja kaskazini mwa Adelaide, na kazi yenyewe ilifanywa kwa kusimama. Wenzake walistaafu na maumivu ya mgongo. Yeye alistaafu na mkasi mkubwa wa kukatia ngozi, ambao aliondoka nao bila kumuuliza mtu, na kwa maoni yake kiwanda bado hakijamlipa fadhila.

Kiti kimoja tu duniani alikihesabu kuwa chake, na wala hakikuwa kiti. Kilikuwa ubao wa benchi: safu ya nne, jukwaa la kando ya mto, uwanja wa Mulberry, ubavuni mwa lile pazia kubwa jeupe linalowekwa nyuma ya mrushaji ili mpigaji auone mpira ukija. Hapo ndipo Elva alipofuatilia Ngao, mashindano ya kriketi ya majimbo, kuanzia Oktoba hadi Machi. Mechi moja huchukua siku nne. Siku ya watu wengi hufika arobaini, na shakwe mia mbili wanaosubiri makombo ya viazi.

Hakuja kutazama tu. Alikuja na daftari, penseli tatu na kichongeo, akaandika kila mpira uliorushwa: mpira usiozaa alama ni nukta, mikimbio minne ni nne, wiketi ikianguka, yaani mpigaji akitolewa, ni msalaba mdogo. Msimu mmoja, daftari moja. Chini ya kitanda chake kulikuwa na madaftari hamsini na moja, na katika mengi ya hayo Australia Kusini, timu yake, ilimaliza mkiani. Watu wa mabasini walimwuliza kwa nini hahamii timu yenye heri. Aliwajibu kwamba kuishangilia timu inayoshinda hata mbwa anaweza, mradi umpe mfupa.

Pembeni yake alikaa Kosta Mavridis, kinyozi mstaafu, ambaye kazi yake ilikuwa kuzungumza na kuleta chakula: pai ya nyama iliyoelea kwenye supu nzito ya njegere, ndani ya kopo lenye kifuniko. Elva aliandika, Kosta akasema. Walikuwa wamekaa hivyo misimu kumi na tisa bila kuchokana, na sijui ndoa ngapi zingeweza kujisifu vile.

Ng'ambo ya uwanja kulikuwa na baraza ya wanachama wa klabu, yenye kivuli, feni na viti vyenye mito ya kukalia. Elva hakuwahi kukanyaga huko tangu alipokuwa na miaka kumi na tisa. Siku hiyo, msimu wake wa kwanza, jua lilikuwa kali, akapanda pale barazani na daftari lake kutafuta kivuli. Bwana mmoja wa tai alimshika kiwiko, akamwonyesha mstari mweupe uliochorwa sakafuni, akamwambia wanawake hawavuki hapo. Alimwongoza hadi ngazini mbele ya watu wote, na baadhi yao wakacheka. Elva aliapa hatarudi mpaka mtu wa barazani amwombe radhi. Miaka ilipita, sheria ile ikafutwa kimyakimya, wanawake wakaanza kuketi kule na glasi zao za mvinyo. Radhi haikuja. Aliandika barua mara tatu, na mara ya tatu katibu alimjibu kwa adabu kubwa kwamba hakuna kumbukumbu yoyote ya mstari kama huo. Jibu hilo lilimuuma kuliko kile kiwiko. Kufukuzwa ni jambo moja, lakini kuambiwa hukufukuzwa ni kufanywa mwendawazimu.

Basi Machi ya msimu wa hamsini na moja, kwenye mechi ya mwisho, jukwaa la mto likakutwa limefungwa kwa kamba ya njano. Meneja mpya wa uwanja, Brayden Tindall, kijana wa miaka thelathini na ushee aliyetoka kwenye biashara ya matamasha, alikuwa amepiga hesabu na kuona ni upuuzi kuweka mlinzi na mfagiaji kwa ajili ya watu wawili. Kuanzia sasa, siku za Ngao, kila mtu angeketi kwenye baraza ya wanachama, bure, na chai juu yake. Alidhani anafanya hisani.

Siku tatu za kwanza Elva aliinama, akapita chini ya kamba. Kosta alimfuata akilalamikia kiuno. Siku ya nne Tindall alichoka kumwona, akamtuma mlinzi, Harjinder, akamtoe.

Australia Kusini walihitaji mikimbio hamsini na tisa washinde, na walikuwa wamebakiwa na wiketi moja tu: akitolewa mpigaji mmoja, mechi imekwisha. Waliokuwa wakipiga walikuwa wa mwisho kabisa, mmojawao Kym Schirmer, mrushaji mrefu asiyejua kupiga, anayeshika gongo la kupigia kama mtu anayeua nyoka.

"Shangazi, naomba twende upande ule," Harjinder alisema. "Mimi nimetumwa tu."

Kabla Elva hajafungua kinywa, Schirmer alipiga mpira ukaenda hadi ukingoni. Nne. Mpira uliofuata, nne nyingine. Elva aliziandika zote mbili, akamtazama Harjinder kuanzia viatu hadi kilemba.

"Umeona ulichofanya?" alimwambia. "Sasa kaa. Ukinyanyuka na wiketi ikaanguka, nitakuandika jina humu."

Watu wa mchezo huu wanajua: wapigaji wawili wakishikamana bila kutolewa, anayetazama habadili mahali, asije akavunja bahati. Aliyepishanisha miguu asiitenganishe. Harjinder alikulia Ludhiana, India, na hakuhitaji kufundishwa. Baba yake aliwahi kukaa chooni saa nzima kwa sababu aliingia wakati India wanaanza kupiga vizuri, na familia ikamkataza kutoka. Harjinder aliketi. Redio yake ilipokoroma kumwuliza amefika wapi, alijibu kwamba yuko na yule mama, na hilo halikuwa uongo.

Ilibaki arobaini, kisha thelathini. Kosta alinyamaza, jambo ambalo Elva alikuwa hajawahi kuliona. Ilipobaki kumi na saba, Tindall akaja mwenyewe.

Alikuja na shati la rangi ya chungwa, akapanda ngazi pembeni mwa pazia jeupe, wakati mrushaji wa Victoria, jimbo pinzani, ameshaanza kukimbia. Ng'ambo kule Schirmer, aliyepotezwa macho na lile chungwa pembeni mwa pazia, aliinua mkono, akajitoa mbele ya vijiti vya wiketi na kukataa kuupokea mpira. Mwamuzi aligeuka, akamtazama Tindall, akaanza kupunga mikono yote miwili kuelekea chini. Tindall alidhani anasalimiwa. Alisimama pale pale, akatabasamu, akampungia na yeye.

Kutoka baraza ya wanachama watu wote waliokuwapo wakapaza sauti kwa pamoja, wazee wenye tai kwa mabibi wenye kofia: akae chini. Mwamuzi alinyoosha kidole. Mchezo mzima ulikuwa umesimama kumngoja mtu mmoja wa shati la chungwa. Tindall akaketi mahali alipokuwa, yaani kwenye benchi la Elva, akiwa amewiva masikio.

"Mama, mimi na wewe—"

"Ova ikiisha," alisema Elva.

Ova, ile zamu ya mipira sita ya mrushaji mmoja, ilipoisha alimsikiliza. Tindall alieleza habari ya kivuli, mito na chai. Elva alimwambia kwamba kule alitolewa, na hatarudi mpaka aombwe radhi. Tindall aliuliza ilikuwa lini. Aliposikia ni miaka hamsini na moja, alishusha pumzi.

"Mimi nilikuwa hata sijazaliwa."

"Sawa," alisema Elva. "Lakini kamba ni yako."

Ova nyingine ilikuwa inaanza, basi Tindall akabaki. Alibaki ikiwa imesalia mikimbio kumi na miwili, akabaki ikiwa imesalia mitano. Schirmer alipofumba macho na kuupeleka mpira juu ya kila mtu hadi nje ya uwanja, wa kwanza kuruka alikuwa Tindall, mikono juu, akamkumbatia Harjinder. Kisha akajikumbuka. Alivuta shati lake na kusema, bila kumtazama Elva, kwamba barua itakuja.

Barua ilikuja. Akipita tena chini ya kamba atazuiwa kuingia uwanjani msimu mzima.

Elva aliisoma akiwa amesimama jikoni, na kwa mara ya kwanza aliogopa. Alistaafishwa siku kiwanda kilipofungwa, na aliona uchungu, lakini hakuogopa vile. Bila benchi lile msimu ungempita kama treni isiyosimama kituoni kwake. Watu walimwambia mechi zinaonyeshwa kwenye simu. Alijibu kwamba simuni anaonyeshwa anachotaka mwenye kamera, na yeye ana macho yake. Kilichomkata maini ni Kosta, ambaye siku moja ya baridi, akiwa anakoroga kahawa, alikiri kwa sauti ndogo kwamba kiuno chake kingefurahia viti vya kule. Elva hakumgombeza. Alimwambia kila mtu ana kiuno chake, akaenda nyumbani mapema.

Oktoba ilipofika, siku ya kwanza dhidi ya Queensland, Kosta hakuwapo kituo cha basi. Elva alipanda peke yake, na daftari la hamsini na mbili.

Kamba ilikuwa mpya, nene, imefungwa mafundo mawili kila upande. Harjinder alikuwa pale. Alimsalimia, akamwuliza hali, kisha akasema kwa unyonge kwamba ameambiwa ahakikishe hakuna atakayepita chini ya kamba.

"Sitapita chini," alisema Elva.

Alifungua mkoba, akatoa mkasi wa kiwandani. Harjinder aligeuka na kuanza kuusoma kwa makini ubao wa matokeo, ambao bado haukuwa na kitu. Kamba ilikatika kwa mkato mmoja. Elva alitazama ncha mbili zikianza kufumuka, na hilo hakuweza kulivumilia. Alitoa sindano na uzi, akaketi kwenye ngazi, akazipindia ncha zote mbili kama alivyopindia viti vya magari, mishono midogo, sawasawa. Akazilaza kamba pembeni vizuri. Ndipo akapanda safu ya nne na kuandika tarehe.

Alijua anaweza kutolewa kabla ya chakula cha mchana na asirudi hadi mwaka mwingine, lakini alichonga penseli. Kama ni kutolewa, safari hii angetolewa akiwa ndani ya mahali pake.

Kosta alitokea kwenye ova ya tisa, kopo mkononi, akipanda ngazi kwa taabu. Alikuwa ameanzia barazani.

"Vile viti vinatoa jasho matakoni," alisema, akaketi. Elva alimsogezea thamosi ya chai.

Ova ya kumi na tatu ndipo alipoonekana Tindall, vipande vya kamba mkononi. Elva alimwona akija kando ya ukingo, akashika penseli kwa nguvu. Lakini kijana alipofika chini ya ngazi, pembeni mwa pazia jeupe, alisimama. Mrushaji alikuwa anakimbia. Tindall aliganda pale, hakutikisa hata kichwa, mipira yote minne iliyobaki, mpaka mwamuzi alipotangaza ova imekwisha. Ndipo akapanda.

Aliketi mwisho wa benchi, vidole vyake vikipapasa ile mishono kwenye ncha za kamba.

"Niliposikia habari yako nilidhani unatunga," alisema. "Jana tulikuwa tunabadilisha fanicha kule. Nikanyanyua zulia. Mstari upo. Hawakuufuta, waliufunika tu."

Elva aliilaza penseli juu ya daftari. Miaka yote ile ya kuambiwa hakuna kumbukumbu, na mstari ulikuwa chini ya viatu vyao.

"Nakuomba radhi," alisema Tindall.

"Wewe hukunitoa."

"Hapana. Lakini kamba ni yangu." Aliviviringa vile vipande na kuvitia mfukoni.

Kosta alimgusa Elva mkono. Elva alijifuta pua na kitambaa, akakirudisha mkobani, akageukia meneja.

"Zulia litoke," alisema. "Wauone. Siku likitoka nitakuja kuukanyaga huo mstari, mara moja. Halafu nitarudi hapa."

"Nitawaambia wanakamati."

"Usiwaambie. Ling'oe."

Mrushaji alikuwa amefika mwanzo wa mbio zake. Elva aliinamisha kichwa kwenye daftari, kisha akakiinua tena.

"Na uketi vizuri," alimwambia. "Unanizibia ubao wa matokeo."