Fundi Spoki na Samaki wa Jipe

Kabatini mwangu kuna bahasha ya kaki ambayo kila nikiifungua inatoa harufu ya samaki mkavu wa Ziwa Jipe. Wageni wakija kuona magazeti yangu ya zamani ya katuni, pamoja na michoro niliyonunua kwa wachoraji wenyewe, huwa nawaomba wanawe mikono na kuikausha vizuri. Wengine hucheka, na mimi nawaacha wacheke, maana ni kichekesho kweli: mwanamke mwenye wajukuu, amehamisha vyombo vyote kabatini ili katuni zipate pa kulala. Lakini bahasha ile hata aliyenawa simpi ashike.

Nilikulia Same mjini, si mbali na reli. Baba alikuwa karani katika shamba la mkonge, na mama alilima mahindi ambayo aghalabu yalikauka kabla ya kubeba. Ilikuwa ile miaka ya kupanga foleni ya sukari na kufulia majani ya mpapai kwa kukosa sabuni. Karatasi nazo zilikuwa adimu. Daftari langu lilikuwa moja kwa masomo mawili, mbele hesabu, nyuma Kiswahili. Gazeti la katuni likishushwa na basi la kutoka Dar es Salaam, lilizunguka nyumba hadi nyumba mpaka likachakaa, kisha likaishia gulioni, likachanwa kufungia samaki.

Huko kwenye samaki ndiko ukusanyaji wangu ulikoanzia. Mama akirudi gulioni, wenzangu walikimbilia samaki, mimi nikakimbilia karatasi. Nilizisugua kwa majivu kuondoa mafuta, nikazianika juani zikiwa zimekandamizwa kwa mawe, halafu nikazilaza chini ya godoro zinyooke. Godoro lilinuka, na mimi nikanuka nalo, mpaka shuleni hakuna aliyetaka kukaa dawati moja nami. Sikujali, kwa kuwa nilikuwa na Fundi Spoki, fundi baiskeli mwenye pua kama bamia, aliyekuwa akiitafuta baiskeli yake iliyoibwa, gazeti baada ya gazeti. Shida ni kwamba kurasa zilinijia kwa bahati tu. Nilikuwa nayo ile anayopanda treni, sina anayoshuka.

Aliyeziba mapengo hayo alikuwa dada yangu Nakijwa, aliyenizidi miaka sita. Baba alituletea fomu za zamani za shamba la mkonge, upande mmoja zimepigwa chapa, upande wa pili nyeupe. Dada alichora kwenye upande mweupe kwa kalamu ya wino wa bluu, kivuli akakitia kwa mkaa. Mikononi mwake Fundi Spoki alishuka treni Lembeni, akapanda milima kwa miguu mpaka Chome, akafukuzwa na nyuki, akaingia kujificha jikoni kwa mama mmoja aliyemkabidhi kinu atwange. Nilicheka mpaka mama akauliza kama tumerogwa.

Hata hivyo nilikuwa mbishi. Katika michoro yake dada alimwongeza mtoto mmoja wa kike, mfupi, mwenye pengo, amesukwa nywele upande mmoja tu, aliyemfuata fundi kila aendako akimbebea pampu. Yule mtoto alinikera kupita kiasi. Nikamwambia dada kwamba huyu hayumo kwenye gazeti la kweli. Dada hakubishana nami. Aliendelea kumchora, karatasi baada ya karatasi.

Kisha ikaja enzi ya ruksa, bidhaa za nje zikaruhusiwa kuingia. Madukani kukaonekana sabuni za rangi rangi, gulioni marobota ya mitumba, na stendi magazeti mapya yakining'inizwa kwa vibanio, ingawa sisi tuliishia kuyatazama kwa macho. Dada alikuwa amemaliza darasa la saba na hakuchaguliwa kuendelea. Mwalimu wake wa zamani, aliyekuwa akisafiri kwenda Dar es Salaam, akakubali kumpelekea michoro yake kwa wachapishaji wa gazeti lile, maana walikuwa wakitafuta wachoraji. Sijapata kumwona dada akifurahi vile. Alichagua karatasi arobaini, akazipanga, akazifunga kwa kamba ya katani na kuziweka juu ya kabati. Halafu akaitwa Chome kumsaidia bibi kuvuna maharage, siku chache tu, arudi kabla mwalimu hajaondoka.

Aliniambia karatasi zile ni za nini. Nilisikia vizuri. Ila akilini mwangu katuni ya kweli ilikuwa ile iliyotoka mtamboni, na sikuona watu wa Dar es Salaam wangetaka nini na fomu za mkonge zilizochorwa nyumbani kwetu.

Siku ya gulio nilimkuta Mama Sakina, muuza samaki kutoka Jipe, amepakata gazeti jipya, zima, lenye Fundi Spoki jaladani ameikumbatia baiskeli yake. Huo ndio ulikuwa mwisho wa hadithi, na mimi nilikuwa nimeungoja karibu nusu ya maisha yangu. Nilimwamkia, nikabaki nimesimama. Akaniambia hatoi bure, lakini karatasi za kufungia zimemwishia.

"Niletee mzigo wa kutosha," alisema, "gazeti ni lako."

Nilikimbia nyumbani. Nilikuwa na mizigo miwili ya kuchagua: kurasa zangu chini ya godoro na karatasi za dada juu ya kabati. Sikusita. Za mtamboni nikazibakiza, za mkono nikazipeleka.

Gazeti nililisomea nyuma ya nyumba. Baiskeli ilikutwa kituo cha polisi, fundi akaipanda, akaenda zake. Kurasa mbili, basi. Hapakuwa na nyuki wala kinu. Nililigeuza huku na huku nikidhani kuna kurasa zimechomolewa.

Jioni dada akarudi na mfuko wa maharage kichwani. Hata kabla hajautua, aliangalia juu ya kabati. Nikamweleza.

"Zote?" akauliza.

"Zote."

Akatua mfuko na kwenda gulioni, mimi nyuma yake nikilia. Mama Sakina alikuwa anakunja turubai. Dada akampa shikamoo yake kwa adabu, ndipo akauliza, na mama wa watu akashika kichwa, kwani samaki wote walikuwa wameondoka. Tukapita nyumba za jirani tukibisha hodi. Kote huko karatasi zilikuwa zimeshatumika kuwashia moto. Nyumba ya mwisho, mama mmoja alikuwa hajaanza kupika. Dada akamfungua samaki, akamweka kwenye sahani, akaifuta karatasi kwa upindo wa khanga yake.

Mama alinichapa. Dada ndiye aliyemzuia, akisema mimi ni mtoto. Mwalimu akasafiri mikono mitupu. Nakijwa hakuchora tena. Aliolewa Chome, akalima, akazaa, na miaka yote hiyo kila tulipotembeleana tuliongea habari za mvua na watoto. Sikumwomba radhi hata mara moja. Nilijidanganya kuwa amesahau.

Watu huniuliza nilianzaje kukusanya magazeti, nami husema napenda katuni. Ukweli ni kwamba kila rundo la karatasi kuukuu ninalonunua, nalipekua kwanza nikitafuta fomu za mkonge. Sijapata hata moja.

Dada alifariki baada ya kuugua figo. Matanga yalipokwisha, binti yake alinikabidhi bahasha ya kaki, akasema mama yake aliagiza nipewe mimi. Harufu ilinifikia kabla sijaitoa karatasi. Fundi Spoki alikuwa anapanda mlima, na nyuma yake yule mtoto na pampu yake.

"Mama alituambia huyu ni wewe, mama mdogo," alisema yule binti. "Alisema ulikuwa unakimbia kusukwa, unaachia nusu."

Nikamtazama yule mtoto: pengo langu, nywele zangu, miguu yangu mifupi ikijitahidi isiachwe nyuma. Nilikuwemo katika karatasi zote arobaini, na ni mimi niliyezipeleka zikafungie samaki.