Njano kwa Njano

Kila asubuhi, kabla hajapiga mswaki, baba mdogo aliingia chumba cha nyuma na kugonga masanduku ya plastiki ya nyoka wake kwa mpini wa kijiko, moja baada ya jingine. Nyoka akigongewa anajua anayekuja ni mtu, si chakula. "Ukiingiza mkono bila hodi," alisema, "atakudhania panya." Akishagonga aliwauliza, "Mmeamkaje?" akasubiri kidogo, kisha akaenda zake karakana kutengeneza mafriji.

Walikuwa chatu wadogo, wale ambao wakiogopa hujikunja kama mpira, na wengi walikuwa kahawia. Mtaani walimwita Robo. Ukimuuliza nyoka wake watazaa nini, alikwambia huyu kahawia amebeba njano kwa siri, na mwenzake naye amebeba, kwa hiyo kila yai lina nafasi ya robo ya kutoa njano. Hata mvua ukimuuliza, alisema robo.

"Mtoto wa nyoka ni nyoka," Bibi alimwambia. Nyumba ni yake.

"Hapo tumekubaliana, Mama. Swali ni wa rangi gani."

Ndipo Shangazi akapiga simu kwamba ndoa imemshinda, anarudi nyumbani na watoto wawili. Nyumba ina vyumba vitatu: cha Bibi, changu, ambacho kitanda kinagusa kuta mbili, na hicho cha nyuma, baba mdogo alikolala godoroni katikati ya masanduku. Bibi akasema nyoka waondoke.

Baba mdogo akaomba mayai yaanguliwe kwanza. Alikuwa na dume la njano. Mwaka ule alimpa mfugaji mwenzake nyoka watano wa kahawia, akarudi na jike moja la njano, na sasa mayai sita yalikuwa ndani ya friji bovu alilolifungia taa ya joto. Taa yenyewe ukifungua mlango inazima, ukifunga inawaka, kinyume na mafriji ya watu.

"Wa njano wanagombewa," alisema. "Nikiwauza najenga chumba uani, nakaa na nyoka wangu hapahapa, dada anachukua hiki."

"Na hao ni robo ngapi?" Bibi akauliza.

"Safari hii hakuna robo. Njano kwa njano, wote njano. Akitoka hata mmoja wa kahawia, naondoka mimi na nyoka wangu."

"Usiape mbele ya mayai."

Shangazi alifika kabla hayajaanguliwa, akawa analala kwa Bibi na wanawe. Siku ya pili akachungulia sanduku la jike.

"Kaka, mabaka meupe ya huyu yana zambarau, ya dume hayana. Kama shati jeupe lililofuliwa na sketi ya shule."

"Ni hiyo taa."

"Jana ulimtoa nje, nilimwona juani."

"Basi ni jua."

Jumamosi mchana yai la kwanza likachanika, kikatoka kichwa. Kahawia. Baba mdogo akasema bado ameloa, tusubiri akauke. Akakauka, akazidi kuwa kahawia. Kesho yake wote sita walikuwa nje, na hapakuwa na doa la njano hata la kusingiziwa.

"Labda mama yao alichepuka," Shangazi akasema.

"Sanduku lina kufuli."

Baba mdogo akaenda jikoni, akakaa juu ya ndoo akilitazama friji la Bibi. Chai yake ikapoa ikashika utando. Mwishowe akacheka mara moja, kama mtu aliyepaliwa.

"Mama, hili friji nililitoa wapi?"

"Kwenye takataka. Yalikuwa mawili."

"Moja kompresa ilikufa. La pili mabomba yalivuja. Yote hayagandishi, ukiyatazama utasema ugonjwa ni mmoja. Nikachukua kizima cha hili na kizima cha lile, likagandisha."

Akaeleza kwamba nyoka hao nao ni hivyohivyo. Baba amekosa kitu kimoja cha kutengenezea weusi, ule unaogeuza njano kuwa kahawia, mama amekosa kingine. Kila mmoja akampa mtoto kile ambacho mwenzake hana. "Kazi hii naifanya kila siku," alisema, "na sikuiona."

"Kwa hiyo watoto wamepona," Bibi akasema.

"Wamepona wote."

Akainuka kwenye ndoo. Halafu: "Lakini kila mmoja amebeba njano mbili. Wakikua nikiwapandisha wao kwa wao, robo ya robo watatoka na njano zote mbili. Huyo hata mimi sijui atakuwaje."

"Wanakua lini?"

"Miaka mitatu."

Bibi akawatazama wajukuu waliolala sakafuni, mguu wa mmoja juu ya shingo ya mwenzake. "Hapa hakuna anayekufukuza," akasema.

"Nilisema hata mmoja, Mama. Wametoka sita."

Alipanga masanduku kwenye mkokoteni wa karakana. Wale wadogo akawatia kwenye foronya yangu, akaifunga fundo.

"Kunywa chai kwanza, kaka," Shangazi akamwambia.

"Nitakunywa nikija kuchukua friji. Na foronya nitarudisha."

Akausukuma mkokoteni polepole ili wasitikisike, akakata kona kwa fundi cherehani. Hakurudi. Karakana walisema aliwarudishia mkokoteni, akaaga.

Ukimuuliza Bibi kama atakuja, anasema robo. Friji la mayai liko palepale chumba cha nyuma. Shangazi anaweka viatu humo, na kila asubuhi anavitafuta kwa kupapasa, kwa sababu akifungua, taa inazima.