"Nakuja" ya Sufiani

Kule Kilole, Korogwe, mtu hasemi "naenda". Awe anakwenda dukani au anahamia Dar es Salaam moja kwa moja, anasema "nakuja", anavaa kandambili na kutokomea. Sufiani, fundi pancha, alikuwa bingwa wa neno hilo, na halikumponza mpaka alipomwoa Ikram.

Ikram alimpenda kupita kiasi asubuhi na kumchukia kupita kiasi mchana. Wakinywa chai, hakuna mume kama Sufiani Tanga nzima. Akisema "nakuja" akakawia kijiweni, anarudi anakuta nguo zake uani, sufuria imepinda, na mkewe analia kwamba ameachwa. Jioni Ikram anaomba radhi, na Sufiani, asiyejua amekosa nini wala amesamehewa nini, anaomba radhi pia, ili mradi ugali uliwe.

Majirani walikuwa wataalamu watupu. Mmoja alisema ni mapepo, afukizwe ubani. Mwingine akasema anadeka, achapwe. Wa tatu, ambaye mumewe mwenyewe alisema "nakuja" na hajaonekana tena, alishauri Sufiani aongeze mke. Siku Ikram alipojikata mkono kwa wembe, wataalamu wote walijaa mlangoni kutazama, na hakuna aliyeleta hata kitambaa. Sufiani alimfunga kwa khanga, akampakia kwenye bajaji hadi hospitali.

Huko nesi Salome alilitaja tatizo kwa jina refu lenye neno "haiba" ndani yake, kisha akamwonea Sufiani huruma, akamweleza kwa maneno mepesi.

"Si pepo wala si kudeka. Hisia zake zinapanda upesi na kushuka polepole, na anaogopa kuachwa kuliko wewe unavyoogopa nyoka. Atakuwa anakuja hapa kuzungumza nasi, na itachukua muda. Wewe ukiondoka, sema unakwenda wapi na unarudi lini, halafu urudi. Akifoka, usifoke. Mwambie unakaa uani mpaka atulie, na ukae uani kweli."

Ilionekana kazi nyepesi, mpaka Sufiani alipogundua kwamba tangu azaliwe hajawahi kumwambia mtu anakokwenda. Aliona aibu kubwa kwa kazi ndogo namna hiyo.

"Mimi najua hujaniacha," Ikram alimwambia siku moja, akiwa ametulia. "Kichwa kinajua. Moyo ndio hausikii."

Hali ilipoa, haikuisha. Sufuria hazikupinda mara kwa mara kama zamani. Ndipo Bi Mwanaidi, mama yake Sufiani, alipopiga simu kutoka Handeni: wajomba wamekwishaamua, mwanawe aje atamke talaka. Bi Mwanaidi huongea na simu kana kwamba hana imani na mtandao, kwa hiyo Ikram alisikia yote. Sufiani aliogopa. Hajawahi kumkatalia mama yake jambo, na mkewe alikuwa amesimama mlangoni akimtazama miguu, kama atavaa kandambili.

"Na..." alianza, akalimeza neno. "Naenda Handeni kwa mama. Nitarudi kabla ya magharibi."

"Unakwenda kuniacha."

"Nakwenda Handeni. Nitarudi."

Wajomba walimpokea kwa wali wa nazi na nyuso za msibani. Walizungumza kwa zamu, kila mmoja akirudia ya mwenzake kwa sauti nzito zaidi.

"Mwanamke wa namna ile atakumaliza, mwanangu," Bi Mwanaidi alisema. "Tamka hapa hapa, tupumzike."

Sufiani alitazama jua mlangoni. Akibishana nao, watafika isha. Aliinuka akavaa kandambili zake.

"Nakuja, mama."

"Usikawie," Bi Mwanaidi alisema, akaufunika wali wake kwa kawa.

Adhana ya magharibi ilikuwa imeshaanza alipofika Kilole. Shati lake moja lilikuwa vumbini uani, na Ikram alikuwa ameshika la pili, macho yamevimba. Sufiani aliliokota lile la kwanza, akalikung'uta.

"Nimerudi."

"Umechelewa."

"Kweli, nimechelewa. Gari ilikawia Handeni. Lakini nimerudi."

Ikram alilitazama shati mikononi mwake kwa muda, kisha akaanza kulikunja, akilia bado.

Handeni wali ulipoa, wajomba wakautazama, wakaula. Bi Mwanaidi mpaka leo akiulizwa habari za mwanawe, anajibu kwamba ametoka kidogo, anakuja.