Mkopo Nisiouchukua

Nilistaafu nikiwa mtendaji wa kata huko Isingiro, nikarudi nyumbani Bweranyange kwenye kibanja cha ukoo wetu, shamba la migomba na kahawa, au tuseme nusu iliyobaki. Nusu ya pili marehemu kaka yangu aliiuza kwa jirani, na humo ndimo walimozikwa wazazi wetu. Mwaka jana jirani huyo aliamua kuhamia kwa mwanawe. Aliniahidi kuniuzia mimi kwanza, mradi nilipe kabla ya msimu wa kahawa kwisha. Vinginevyo angemuuzia mtu wa Kiruruma mwenye fedha mkononi.

Niliomba benki mkopo wa wastaafu. Baada ya wiki moja niliitwa.

"Shikamoo, mzee," alisema afisa mikopo, binti wa umri wa mwanangu wa mwisho.

"Marahaba."

"Ombi lako limekataliwa. Taarifa yako ya mikopo inaonyesha kuna deni umelikimbia."

"Nimelikimbia kwenda wapi? Pensheni yangu inapita hapa kwenu kila mwezi!"

Alinichapishia taarifa hiyo. Ilisema nilichukua mkopo wa kilimo kwenye taasisi moja ndogo, nikalipa nusu, nikanyamaza. Sikuwahi kukopa hata shilingi katika taasisi hiyo, lakini namba ya kitambulisho cha taifa ilikuwa yangu, tarakimu zote. Niliandika lalamiko papo hapo, nakala tatu, nikadai kila moja igongwe muhuri wa kupokelewa. Binti alinieleza kwa upole kwamba benki haiwezi kufuta kitu. Anayesahihisha ni yule aliyepeleka taarifa.

Jirani alikwisha kusikia. "Mzee wa mihuri," aliniita kutoka upande wake wa migomba, "kumbe wewe ni mdaiwa sugu! Na mimi miaka yote naona aibu kuazima jembe kwako!"

Nilimjibu kwamba msimu haujaisha.

Katika taasisi ile meneja aliitafuta fomu ya awali hadi akaipata. Mkopaji alikuwa mkulima wa Isingiro ambaye wazazi wake walitoka Burundi. Nafasi ya namba yake ya kitambulisho ilikuwa wazi, kwa kuwa wakati ule uraia wake, kama wa wengi katika wilaya ile ya mpakani, ulikuwa bado unahakikiwa. Chini kabisa palikuwa na muhuri wa kata, saini yangu ya kumtambulisha, na namba yangu kwa mwandiko wangu mwenyewe. Hakuna aliyenitaka niiandike. Niliiweka kwenye kila fomu niliyosaini, mtu asije akaghushi saini yangu. Karani alikuta nafasi moja wazi na namba moja tu kwenye karatasi nzima, akaijaza.

"Karani wenu alipaswa kuuliza," nilisema.

"Na wewe, mzee, namba uliiweka ya nini?"

Bado naamini kosa ni lao.

Meneja alisema namba yangu haitaondoka mpaka ipatikane ya mkopaji. Nikaenda Isingiro. Nilimkuta mkulima yule akikata migomba iliyopigwa na mnyauko, ule ugonjwa uliomfanya ashindwe kulipa. Kitambulisho chake kilikuwa kimetoka miezi michache tu kabla ya hapo.

"Mtendaji, nimeingojea hii namba mpaka nikaota mvi," alisema, akikifuta vumbi kwa shati. "Na kazi yake ya kwanza ni kunipeleka kwenye deni?"

"Deni ni lako."

"Ni langu, sikatai. Andika basi, kabla sijabadili mawazo."

Niliinakili, nikamsomea mara mbili. Kisha, kwa kuwa aliomba, nilimwandikia barua ya kutaka marejesho yapangwe upya. Taasisi haijamjibu mpaka leo. Nami sijaombwa radhi na yeyote, ingawa nimeidai radhi hiyo kwa maandishi mara mbili.

Taarifa iliyosahihishwa ilitoka, na mkopo ukaingia zikiwa zimebaki siku nne. Tulisaini mauziano mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Jirani alizihesabu fedha taratibu, akanionyesha mipaka kwa kuitembea, na tulipofika kwenye makaburi akavua kofia.

"Nilikuwa nayapalilia," alisema. "Sasa ni kazi yako."