Magoti ya Nansamba

Wifi yangu Nansamba, mke wa kaka yangu Mukiibi, ni mpole kupita kiasi, na watu wa nyumba yetu hapa Kyotera wamemwonea vya kutosha. Mimi ni binti wa nyumba hiyo hiyo, kwa hiyo nina haki ya kuisema.

Mimba yake ilipofika mwezi wa saba, mishipa ya mguu wa kushoto ilimvimba, ikajisokota chini ya ngozi kama kamba, kutoka kifundoni hadi pajani. Mguu ulimwaka mchana kutwa. Muuguzi wa kliniki alimpa soksi za kubana, akamwambia alale miguu ikiwa juu ya mto, asisimame muda mrefu, tena asipige magoti. Hilo la mwisho alilisema akitazama pembeni, maana naye ni Mganda, anajua mke anayesalimu wakwe akiwa wima anavyosemwa.

Mama yangu alipoziona soksi alicheka hadi akashika mbavu.

"Mkwe, unachezea timu gani?"

"Ni za kliniki, mama. Muuguzi kasema nisipige magoti."

"Muuguzi kazaa wangapi? Mimi nimezaa tisa, na sikuwahi kumsimamia baba mkwe wangu kama mlingoti."

"Na leo magoti yako yako wapi?" nikadakia. "Huinuki bila kushika ukuta."

"Nabukeera, rudi kwa mumeo."

Sikurudi. Jumapili wazee wa ukoo walikuja kula. Mimi nilikuwa jikoni na matoke, na nilipotoka nikamkuta Nansamba sebuleni amepiga magoti mkekani. Soksi mama kamvua, eti zinatia aibu. Na salamu zetu hazina haraka. Mzee anauliza umeamkaje, watoto je, shamba je, kisha anaguna, nawe unaguna, anaguna tena, ndipo unasogea kwa mwingine, kwa magoti yale yale. Jasho lilikuwa linamtiririka usoni. Mukiibi, mwanamume mzima mwenye ndevu, alikuwa anatazama viatu vyake! Damu ilinichemka.

"Mukiibi, mwinue mkeo!"

"Kabakiza baba tu, dada. Usituharibie."

Kabakiza baba tu! Nansamba akajikokota kuelekea kwa baba, na kabla hajafika mshipa ukapasuka pale kifundoni. Damu ikatapakaa mkekani. Wale wazee, hodari wa kugombania mipaka ya mashamba tangu asubuhi hadi jioni, wakarukia ukutani kama kuku. Mama akapiga yowe kwamba mimba imetoka.

"Ni mguu!" nikafoka. "Mlazeni! Uinueni juu!"

Nilinyakua kitambaa cha meza nikakandamiza pale palipopasuka. Lakini mguu ulikuwa mzito, na peke yangu sikuweza kuubana na kuuinua. Nilimwita Mukiibi, akabaki amekauka mlangoni.

Aliyekuja ni baba. Kwetu baba mkwe hampi mkwe wake hata mkono. Baba alipiga magoti kwenye ile damu, akauweka mguu wa Nansamba begani kwake, akaushikilia.

"Mzee! Unampigia magoti mkwe?" mama akalia. Damu yote ile, na bado hilo ndilo lililomwuma!

"Nyamaza, lete kitambaa kingine," baba akasema. "Na wewe Mukiibi, katafute gari, unangoja nini?"

Mukiibi akatoka mbio. Damu ikaanza kupungua chini ya kiganja changu. Nansamba, midomo imemkauka, akainua kichwa kidogo, akaunganisha viganja.

"Nisamehe, baba," akasema. "Wewe bado sijakusalimu."

Nililia kwa hasira, huku nimeubana ule mguu.

"Salimu mtu leo uone," nikamwambia. "Salimu!"