Nyumbani kwa Latifa Kuna Wajukuu Watano

Mtu anayepiga soga na simu mimi huwa namwona hana kazi, lakini kwa Mwalimu Sefania ilibidi nimeze maneno yangu. Darasa lake la tatu na langu la nne yametenganishwa na mbao tu, na mbao zenyewe zina nyufa, kwa hiyo akifundisha yeye, nami nafundishwa, nitake nisitake. Wanafunzi wake walikuwa hawajui hesabu za kutoa. Vitabu vinawaletea madafu na treni. Mtoto wa Mtae, huku milimani, atayaona wapi madafu? Ndipo Sefania akaanza kuieleza ile akili mnemba ya kwenye simu yake habari za kila mtoto, ili imtungie maswali yake mwenyewe.

Alikuwa akisimama ukingoni mwa mlima, nyuma ya vyoo, ndiko mtandao unakopatikana, koti limefungwa mpaka kidevuni, anaandika: Zuberi, baba yake hubeba kabichi kwa pikipiki. Timotheo, kwao wana miti ya mapeasi. Mwanzoni simu ilimletea Timotheo papa na pweza. Akaikaripia kwa maandishi, ikaomba radhi. Basi kila mtoto akawa na hesabu yenye jina lake na mambo ya kwao, na kule upande wa pili nikaanza kusikia majibu badala ya vilio. Mtoto akiona pikipiki ya baba yake kwenye karatasi anakaa wima.

Sisi ofisini tulimtania. "Sefania, mchumba wako wa simu hajambo?" Naye hujibu hajambo, anawasalimia. Mke wake alifariki wakiwa bado Kwamkoro, mtoto hawakujaliwa, akaomba uhamisho akaja huku mwisho wa barabara. Nimemkaribisha kula kwangu mpaka nimechoka; kila mara ana madaftari ya kusahihisha. Siku moja nilimwona akiiandikia simu "asante, ubaki salama". Iliniuma, halafu nikamkasirikia yeye kwa kuniumiza.

Aliyekuwa nyuma kuliko wote ni Latifa, anayelelewa na bibi yake, Bi Fatuma. Huyo ndiye Sefania aliyemhangaikia haswa, na alikuwa ameanza kushika. Akampa karatasi aende nayo nyumbani. Swali la kwanza lilisema: "Nyumbani kwa Latifa kuna wajukuu watano. Wawili wakiondoka, watabaki wangapi?"

Jamani, mashine itajuaje? Lakini Sefania ni Msambaa, kalelewa kama sisi, anajua watoto wa mtu hawahesabiwi, ni kuwaitia balaa, sembuse kuwahesabu kisha ukawatoa. Hakuisoma karatasi kabla ya kuigawa. Alikuwa ameshaizoea ile simu, akaiamini kama mtu wa nyumbani.

Latifa aliisoma kwa sauti jikoni, bibi yake akichambua maharage, na mdogo wake Kassimu amelala palepale ana homa. Kesho yake Latifa hakuja shule, wala siku iliyofuata. Jirani yao akatuletea neno: Bi Fatuma kasema mjukuu wake harudi kwa mwalimu anayewapunguza watoto wa watu.

Sefania alinifuata saa ya uji. "Mwalimu Secilia, nisindikize. Nikienda peke yangu nitakosa la kusema."

Hapo ndipo nilipogundua kwamba miaka yote ile hakuwa ameingia nyumba ya mwanafunzi hata mmoja. Habari zote aliziokota kwa watoto darasani, akaipa simu.

Tulimkuta Bi Fatuma mlangoni. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa ustaarabu wote. Hasira ikaja baadaye, kwa Kishambaa, na sitaitafsiri yote. Sefania alisikiliza, kofia mkononi.

"Bibi, nimekosa," akasema. "Mila naijua, na bado nimekosa."

"Hao wawili ulitaka waondoke waende wapi?"

"Sikutaka waende popote, bibi. Ni hesabu tu."

"Hesabu tu. Na Kassimu ana homa ndani humu."

Bi Fatuma alimtazama, akalegea kidogo. "Nataka mtoto asome," akasema. "Atarudi. Lakini kama katika hesabu zako ni lazima watu waondoke, wahesabu watu wa nyumbani kwako. Wangu niachie."

"Nimesikia, bibi."

Bi Fatuma hakujua anachokisema. Mimi nilijua, na nilitamani ardhi inimeze kwa niaba ya mwenzangu. Njiani nikamwambia leo hakuna cha madaftari, aje ale kwangu. Akasema ni mengi sana, labda siku nyingine. Nikamwacha, maana ningeendelea ningemtukana.

Homa ya Kassimu ilishuka, na Jumatatu Latifa akarudi. Nilikuwa naandika ubaoni niliposikia Sefania akimwita mbele asome swali lake jipya. Latifa alisoma polepole, neno kwa neno.

"Nyumbani kwa Mwalimu Sefania kuna mtu mmoja. Mmoja akiondoka, watabaki wangapi?"

Mimi, niliyekuwa nikimwombea mtoto yule ajue kutoa, nilisimama na chaki mkononi nikiomba asijue, siku hiyo tu. Wanafunzi wangu walikuwa wananitazama.

"Sifuri, mwalimu," Latifa akasema, na sauti yake ilijaa furaha.

"Sahihi kabisa," akasema Sefania. "Mpigieni makofi."

Wakampigia.